Mwarobaini ulinituliza fizi miaka minne, ukoga ukabaki pale pale

MshonajiTanga (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Kila wiki humu ndani mtu anauliza dawa ya fizi kutoka damu, na majibu hayabadiliki: chemsha mwarobaini, tafuna karafuu, sukutua maji ya chumvi. Nimezitumia zote tatu kwa miaka minne, tena bila uvivu. Zilinisaidia kweli, na kwa sababu hiyo hiyo nilikaribia kupoteza jino. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni fundi cherehani. Fundi akiwa na haraka hatafuti mkasi, uzi anaukata kwa meno. Nimefanya hivyo tangu najifunza kazi. Mwaka juzi nikiwa na oda ya sare za shule nikang'ata uzi, haukukatika. Nikang'ata tena. Kumbe umepita katikati ya meno mawili ya mbele ya chini, umetokea upande wa pili haujaguswa. Nikapitisha ulimi, nikakuta mwanya ambao sikuwa nao. Nikalishika jino moja kwa vidole viwili, likacheza.

Damu ilianza zamani kabla ya hapo. Nikipiga mswaki asubuhi povu linatoka la waridi. Bibi yangu akaniambia twende uani, akachuma mwarobaini: konzi moja ya majani, vikombe vitatu vya maji, chemsha hadi vibaki viwili, acha yapoe, sukutua asubuhi na usiku, uteme. Baada ya wiki povu likawa jeupe, na ile harufu ya kuamka nayo ikapungua. Nikaona nimepona. Miezi miwili mbele inarudi, nami narudi uani. Nikaenda hivyo miaka minne, na kila safari nilihesabu kwamba nimepona.

Kosa langu jingine, na najua wengi mnalifanya: pale panapotoka damu nilikuwa napaepusha mswaki. Niliona huruma, kama mtu anavyokiepusha kidonda. Kumbe panapotoka damu ndipo uchafu ulipo.

Jino lilipocheza nikaogopa, nikaenda hospitali. Tabibu wa meno aliyenipokea alikuwa kijana, mdogo kwangu, ila ana subira. Alinipa kioo cha mkononi, akaweka kingine kidogo nyuma ya meno yangu ya chini, akaniambia, "Dada, tazama hapo." Nyuma ya yale meno hapakuwa na mpaka wa jino na jino. Ulikuwa ukuta mmoja wa ukoga, wa rangi ya udongo, umeanzia kwenye ufizi umepanda hadi nusu ya meno. Nimekaa na ulimi wangu juu ya ule ukuta miaka yote nikidhani ndiyo meno yenyewe.

Kisha akachukua chuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi, mahali sita kila jino, huku anamtajia mwenzake namba za kuandika. Tatu, mbili, nne, tano. Aliniambia ufizi mzima unaruhusu milimita 1 hadi 3. Ikifika 4 kwenda juu, ufizi umeachana na jino na pametokea kifuko. Lile jino lililocheza alisema sita.

Nikamwambia habari ya mwarobaini. Hakucheka wala hakunikaripia. Aliniuliza, "Nyumbani birika mnachemshia maji ya kisima?" Nikamwambia ndiyo. "Ule ugamba mweupe unaoganda ndani ya birika, ukichemshia majani ya mwarobaini utatoka?" Nikamwambia hautoki, tunaukwangua. Akasema, "Basi na mimi leo nakwangua."

Nilisafishwa siku mbili, wiki moja katikati. Sehemu zenye vifuko virefu alinichoma ganzi, mashine ikatangulia, inatetemeka na kurusha maji, halafu akamalizia kwa vyuma vya mkono ndani ya ufizi. Kipande kimoja kilidondoka kwenye beseni nikakisikia kabisa kikigonga. Nilikiomba nikione. Kilikuwa kama punje ya mchele, cheusi upande uliokuwa ndani ya ufizi, cha manjano upande wa nje, kigumu kama jiwe.

Nawaambia na la baada ya hapo, maana ndilo linalowakimbiza watu. Nilipofika nyumbani nilihisi nimeharibiwa. Meno yana mianya, maji baridi yanapiga hadi kichwani. Ilichukua kama wiki mbili kutulia. Mianya haikuletwa na tabibu. Ukoga ndio ulikuwa umekaa mahali pa ufizi, na ufizi uliokuwa umevimba ukasinyaa ukarudi saizi yake.

Miezi mitatu baadaye alinipima upya. Sehemu nyingi zikasoma tatu. Lile lililosoma sita likasoma nne. Limekaza, ingawa mfupa ulioliwa haurudi, hilo aliniambia wazi.

Na mwarobaini sijauacha. Nilimuuliza, akasema endelea nao, ila sasa ufanye kazi kwenye jino safi. Natumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na usiku, mswaki wa mti mchana nikiwa dukani, na maji ya mwarobaini usiku baada ya kupiga mswaki, siku kadhaa kwa wiki. Uzi nakata kwa mkasi.

Aliye na swali aulize, na mwenye utaalamu asahihishe nilipokosea.

---

MzeeWaPangani

Marahaba binti. Pole kwa yaliyokukuta, lakini kuna jambo siafiki.

Nina miaka 71. Babu yangu hakuwahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, na amezikwa na meno yake. Alikuwa na mswaki wa mti tu, anauchonga baada ya swala ya alfajiri. Baba vile vile. Mimi pia natumia mswaki mpaka leo na sijawahi kuumwa jino. Hizi mashine za kukwangua nimesikia watu wengi wakisema zinalegeza meno. Jirani yangu alisafishwa, mwaka haukuisha meno mawili yakang'oka yenyewe. Vijana mnaiacha mitishamba iliyowalea wazee wenu, mnakimbilia chuma.

---

MshonajiTanga

Shikamoo mzee wangu.

Sijaiacha, nimesema hapo juu kwamba hata leo natumia. Kwa heshima zote naomba nikuulize kitu kimoja: ukipitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini, unahisi jino moja moja, au unahisi kama ukuta?

---

TabibuKinywa

Mleta uzi, hongera kwa kueleza vizuri. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, mwaka wa 11 kazini. Nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe.

Mzee wa Pangani, shikamoo. Habari ya jirani yako naisikia kila wiki na ninaielewa. Meno ambayo mfupa wake umekwisha liwa yanashikwa na ukoga wenyewe, umeyafunga kama saruji. Ukiutoa, udhaifu uliokuwepo unaonekana. Mtu akija mapema hilo halimpati. Akija mwishoni, lawama inaiangukia mashine.

Sasa ukoga ni nini. Saa chache tu baada ya kusafisha, jino linavaa utando laini, huuoni, ila ukikwangua kwa ukucha unatoka kama siagi. Huo ni bakteria wamejenga nyumba. Usipoondolewa, madini ya kwenye mate yanaugandisha, na kati ya siku chache na wiki mbili unakuwa jiwe. Ndiyo maana ukoga ni mwingi nyuma ya meno ya mbele ya chini na ubavuni mwa magego ya juu upande wa shavu, kwani hapo ndipo matundu ya mate yanapomwagia. Jiwe lenyewe lina vinyweleo, utando mpya unalishika kirahisi kuliko jino. Mswaki hauling'oi, wala dawa ya kusukutua, ya dukani au ya mtini.

Kwamba utando ndio unaoanzisha ugonjwa hatubahatishi. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaachisha kusafisha meno kabisa. Wote 12 wakavimba fizi, wengine kwenye siku ya 10, wengine ilifika wiki ya tatu. Waliporudishiwa mswaki, fizi zikapona ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini hatua ya kwanza, yaani fizi nyekundu zinazotoka damu, inarudi nyuma yote. Ukiiacha, kwa baadhi ya watu inashuka kwenye mfupa, na mfupa haurudi.

Tuje kwenye miti. Nimewahi kufanya kazi na wakubwa wanaodharau kila kinachotoka uani, na sikubaliani nao.

Mswaki wa mti, ule msuaki wenyewe, Salvadora persica, una haki yake kamili. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake miaka ya 1980 kwa watu waliouzoea. Nyuzi zake zinasugua, na ndani una chumvichumvi na viasili vinavyobana bakteria. Hata neno letu "mswaki", la kifaa cha kupigia meno, limetoka humo humo. Wengine wanatumia mdaa au mjafari, kazi ya kusugua ni hiyo hiyo.

Mwarobaini, manjano, shubiri na majani ya chai ya kijani vimefanyiwa majaribio kama dawa za kusukutua au za kupaka, mengi yakiwa India. Vinapunguza utando na wekundu wa fizi, na baadhi ya majaribio yalikuta vinakaribia klorheksidini, ile dawa ya kusukutua tunayoandika hospitali. Vina faida moja, havikoleshi meno kahawia wala kuharibu ladha kama klorheksidini ikitumiwa zaidi ya wiki mbili tatu. Manjano yanaacha rangi lakini inatoka. Ila mjue majaribio mengi ni madogo na ya wiki chache. Na kwa ugonjwa uliokwisha kushuka kwenye vifuko, wagonjwa walisafishwa kwanza, ndipo wengine wakapewa dawa ya mti na wengine wasipewe. Watu wanasoma nusu ya pili ya habari, nusu ya kwanza wanaiacha.

Sababu ni ya kawaida kabisa. Maji unayosukutua yanaingia chini ya ufizi kidogo mno. Kifuko cha milimita sita hayafiki chini. Huko damu inaendelea, usaha unaendelea, huku juu ufizi umetulia na wewe umetulia. Kilichompata mleta uzi ni hicho.

Karafuu nina neno nayo. Kinachoua maumivu ndani yake ni yujenoli, na sisi wenyewe tunaitumia ikichanganywa na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Kwa hiyo Unguja na Pemba hawakukosea. Lakini mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa yanachoma. Nimepokea mama aliyeyapaka ufizi mzima usiku kucha, asubuhi ngozi ya ufizi imekuwa nyeupe inabanduka. Ile karafuu nzima ya jikoni, itafune kidogo au iloweke kwenye maji moto usukutue. Na haitibu fizi, inatuliza maumivu ukiwa njiani kwenda kutibiwa.

Ninavyowaomba muache: limau kusugulia meno, maana asidi inakula gamba la jino. Mkaa wa kusaga, unakwaruza. Kitunguu saumu kibichi kuweka kwenye ufizi, kinaunguza kama karafuu. Na zile unga zinazouzwa stendi na wauzaji wenye vipaza sauti, wanamsugua mtu jino linakuwa jeupe papo hapo mbele ya umati. Jino haliwi jeupe papo hapo bila kitu kuliwa.

Maji ya chumvi ni sawa, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, siku za mwanzo baada ya kusafishwa. Mwenye presha ayateme.

---

KijanaWaLikoni

Asalaam aleikum. Nasoma niko Mombasa. Daktari shukran sana, hapa kwetu mswaki unauzwa kila mlango wa msikiti na mwezi wa Ramadhani kila mtu anao mdomoni. Swali langu: mimi nautumia kutwa, lakini upande wa kulia ufizi umepanda, jino linaonekana refu. Hautoki damu. Ni ugonjwa huo huo?

---

TabibuKinywa

Waaleikum salaam. Huenda si huo. Ufizi uliopanda bila damu, tena upande mmoja, mara nyingi ni wa kusugua kwa nguvu. Wewe ni mtu wa mkono gani? Mswaki wa mti ukikauka nyuzi zinakuwa kama brashi ya kufulia. Menya gamba kiasi cha nusu inchi, loweka kwenye maji, tafuna hadi nyuzi zilainike, sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, usikwangue mlalo. Kila siku kata ile ncha ya jana uanze mpya. Ila ukipata nafasi pitia kwa mtaalamu, maana bila kupima siwezi kukuhakikishia.

Pia kama unavuta sigara, nieleze. Moshi unabana mishipa ya ufizi, hivyo mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa na asione hata tone la damu.

---

KijanaWaLikoni

Natumia mkono wa kushoto, basi naona ndio sababu, upande wa kulia ndio naufikia kwa nguvu. Sivuti. Nitaenda kupimwa inshallah.

---

NyotaYaMeru

Mimi meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni, tena yana madoa meupe kama chokaa. Ndugu zangu wote hivyo. Nimetumia mwarobaini, magadi, mpaka mkaa. Baada ya kusoma huu uzi nikajua ni ukoga, nimeshaanza kudunduliza hela ya kusafishwa. Nimefanya sawa?

---

TabibuKinywa

Dada Nyota, kwa jina lako nahisi unatoka pande za Arusha. Hiyo rangi inaelekea kuwa ya maji uliyokunywa ukiwa mtoto. Maji ya Bonde la Ufa na kuzunguka Meru na Kilimanjaro yana floraidi nyingi, na jino linaloota wakati huo linatoka na rangi hiyo ndani yake. Hakuna mashine ya ukoga itakayoitoa wala mti wowote, na mkaa unazidi kulichakaza gamba, uache leo. Ipo tiba ya kuziba au kung'arisha juu yake, ni mambo tofauti na ni ya urembo.

Lakini usirudishe hela mfukoni bado. Mwenye meno ya kahawia naye anapata ukoga, na kwake unajificha kwa sababu rangi zinafanana. Kama fizi zinatoka damu, nenda.

---

NyotaYaMeru

Zinatoka. Nikila muwa au nikipiga mswaki. Nilidhani kila mtu yuko hivyo.

---

MamaPacha_Moro

Naomba kuuliza. Nina ujauzito wa miezi mitano, fizi zimevimba hadi zinafunika meno kidogo, damu inaachia hata nikitema mate. Mama mkwe amenitengenezea mwarobaini wa kunywa, siyo wa kusukutua. Anasema unasafisha damu ya mtoto pia. Sitaki kumkosea mama.

---

MshonajiTanga

Dada, USINYWE. Tabibu atakuja kueleza zaidi, ila mimi niliambiwa wazi kabisa, mjamzito asinywe mwarobaini.

---

TabibuKinywa

Mleta uzi yuko sahihi. Mwarobaini wa kunywa kwa mjamzito ni hatari kwa mimba, na mafuta yake yamewahi kuwadhuru watoto wadogo vibaya sana. Kila ninaposema mwarobaini kwenye uzi huu namaanisha wa kusukutua na kutema, kwa mtu mzima asiye mjamzito.

Fizi zako zinavimba kwa sababu homoni za ujauzito zinafanya ufizi ushtuke kwa utando mdogo tu. Wanawake wengi wanapata, na baada ya kujifungua inapungua. Ila si ya kusubiri. Kusafishwa ukiwa mjamzito ni salama, na mwezi wa nne hadi wa sita ndio wenye nafuu zaidi kukaa kwenye kiti. Wewe uko katikati kabisa ya huo muda. Nenda wiki hii, mwambie tabibu una miezi mingapi. Nyumbani maji ya chumvi na mswaki laini, pale pale panapotoka damu.

Kwa mama mkwe, mwambie kliniki wamekukataza kunywa kitu chochote bila kuwauliza. Lawama zije kwetu, tumezoea.

---

MamaPacha_Moro

Asante sana. Nimemwambia hivyo hivyo. Amekubali, ameyamwagia maua.

---

Mkulima_Songea

Mimi nina kisukari mwaka wa tisa na presha. Kuna mambo mawili. La kwanza, sukari yangu imekataa kushuka pamoja na dawa na kula mlenda kila siku. La pili, fizi zangu hazitoki damu sana ila zinaota, zinakuja juu ya jino kama uyoga. Mganga wa kijijini kwetu, mtu mzuri tu, amenipa magome nisukutue, hayajafanya kitu. Je, vina uhusiano?

---

TabibuKinywa

Mzee, una presha: unatumia amlodipini au nifedipini?

---

Mkulima_Songea

Amlodipini. Kidonge kimoja usiku. Umejuaje?

---

TabibuKinywa

Kwa sababu hiyo ni moja ya dawa zinazoweza kufanya ufizi uote. Nyingine ni nifedipini yenyewe, na fenitoini ya kifafa. Siyo kila mtumiaji anapata, na anayepata huwa inazidi pale penye ukoga. Tafadhali usiache kidonge cha presha kwa kusoma maneno yangu mtandaoni. Mwambie daktari wako, anaweza kukubadilishia, na huku usafishwe meno. Mara nyingi ufizi unasinyaa kwa hayo mawili.

La sukari: kisukari na fizi vinachocheana. Sukari ikipanda, fizi zinashindwa kujitetea. Fizi zikioza, mwili unakaa kwenye vita na sukari inakataa kushuka. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka 2022 yalikuta kwamba mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi kwa kusafishwa ipasavyo, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinashuka kwa wastani wa kama 0.4, yaani mtu wa 8.0 anafika 7.6 hivi. Ni nyongeza ya maana juu ya dawa zako. Na ukipewa mwarobaini wa kunywa kwa ajili ya sukari, mwambie daktari kabla, kwani ukijumlisha na vidonge sukari inaweza kuanguka ghafla.

---

Mkulima_Songea

Miaka tisa nahudhuria kliniki ya kisukari. Wananitazama miguu, macho, mkojo. Mdomo hakuna aliyewahi kuniambia fungua. Mungu akubariki.

---

Dereva_wa_Kibaha

Kwa nini msiseme habari ya vidonge? Mimi fizi zikinisumbua nanunua metronidazo na amoksilini duka la dawa, siku tano nimepona. Rahisi kuliko kiti.

---

MshonajiTanga

Kaka, umepona mara ngapi?

---

Dereva_wa_Kibaha

Kama mara sita hivi.

---

TabibuKinywa

Mara sita ni jibu tosha. Ule utando ni kama nyumba ya matofali, kidonge kinawapiga walio barazani, walio vyumbani wanabaki. Nasi tunaandika vidonge, ila kwa hali maalumu na pamoja na kusafisha.

Kuna hali moja sitaki mtu asubiri wala mti wala kidonge cha dukani: fizi zinaoza ghafla ndani ya siku mbili tatu, ncha za ufizi kati ya meno zinakuwa kama zimekatwa, maumivu makali, harufu nzito, homa. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, na ukubali kupimwa na virusi vya ukimwi, kwa sababu kinga ikishuka ndipo inapotokea. Na damu inayotoka fizi zote bila sababu, huku mwili una michubuko na uchovu, ipimwe damu.

---

MzeeWaPangani

Nimekaa kimya siku 19. Binti Mshonaji, lile swali lako la ulimi lilinikera. Nikapitisha ulimi. Nikapitisha tena. Nikamwita mjukuu amulike kwa tochi ya simu, akasema babu kuna kama udongo.

Nimekwenda kituo cha afya, wakanipeleka hospitali ya wilaya. Sikuwaambia nyumbani. Tabibu alikuwa binti, umri wa mjukuu wangu. Nilimwambia mimi ni mtu wa mswaki tangu nina miaka saba. Akatazama, akasema, "Babu, mbele meno yako ni mazuri kuliko ya vijana ninaowaona hapa." Mbele ni kweli yaling'aa. Akanipa kioo nione nyuma.

Alinieleza jambo ambalo babu yangu hakuniambia, au aliniambia sikusikia: mswaki wa mti nyuzi zake zimeelekea mbele, kama kalamu. Ukiushika kama kawaida unasugua uso wa nje tu. Nyuma ya meno haufiki mpaka uuingize kwa pembeni, mdomo umefunguliwa wazi, ncha imeinamishwa kwenye ufizi. Akachukua kijiti akanionyesha kwenye yale meno ya plasta. Miaka 64 nimekuwa nasafisha nusu.

Kusafishwa hakukuuma kama nilivyodhani. Sauti ya ile mashine ndiyo mbaya. Jino moja la nyuma ameniambia mfupa umekwenda, tutaliangalia miezi mitatu ijayo kama linakaa au linatoka. Mengine yote yako imara.

Jana alfajiri nimechonga mswaki mpya, nikasugua kama alivyonionyesha. Damu kidogo ilitoka. Sikupaepuka.

Bibi yenu ameniuliza mbona leo nimechelewa kuswali. Jumatatu nampeleka na yeye.